Pumzi 30 kwa siku: jinsi ya kufundisha misuli ya pumzi ukiwa na presha

Siku ya kwanza mama alipokitia kile kidude mdomoni alivuta mara moja, akakitoa, akakigeuza na kuchungulia tundu la chini kama anayetafuta mdudu. "Mwanangu, hiki kimeziba." Nikakichukua, nikavuta, kikaachia upepo kwa mlio mdogo. Nikamrudishia. Akavuta tena, safari hii macho yamemtoka, na kilango kikafunguka. "Kumbe!" akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Hakikuwa kimeziba. Ndani yake kuna kilango kilichobanwa na springi, na hakifunguki mpaka misuli yako ya kuvuta pumzi ifikishe nguvu uliyokitegea. Kutoa pumzi ni bure, hakuna kinachokuzuia. Jasho liko kwenye kuvuta. Ukifanya hivyo mara 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa ugumu unaotakiwa, presha inaweza kushuka. Maneno ya kushika hapo ni hayo matatu, "kwa ugumu unaotakiwa". Wengi hushika ile 30 wakasahau ugumu, kisha baada ya miezi miwili wanasema kidude ni utapeli.

Tunazungumzia zoezi lipi

Ukimwambia mtu "mazoezi ya pumzi kwa ajili ya presha", anaweza kuelewa vitu vitatu tofauti. Kuna kupumua polepole, pumzi sita hivi kwa dakika, ambako hutuliza mwili; nako kuna faida yake na nitakueleza chini. Kuna kupuliza, kama kujaza maputo au kukoleza jiko la mkaa. Hapo inafanya kazi misuli ya kutoa pumzi, hasa ya tumbo, wala siyo tunayoitafuta. Cha tatu ndicho chetu: kuvuta hewa ndani huku kuna kitu kinakupinga. Kama umewahi kunywa uji mzito kwa mrija mwembamba, unajua ladha yake.

Msuli mkuu wa kazi hii ni kiwambo. Kimekaa chini ya mapafu, kikitenga kifua na tumbo, na kimebinuka mfano wa kawa lililofunika sinia. Ukivuta pumzi, kawa hilo linajivuta chini na kuwa bapa, kifua kinapata nafasi, hewa inaingia. Misuli iliyo katikati ya mbavu inasaidia. Ni misuli kama ya paja au ya mkono: ukiibebesha mzigo inajijenga, ukiiacha inazubaa. Tofauti ni kwamba hii haijawahi kupumzika tangu ulipozaliwa, na bado hakuna anayekumbuka kuifanyisha mazoezi.

Vifaa vya namna hii vilianza kutumika miaka ya 1980 kwa wagonjwa waliodhoofika pumzi, kisha wanamichezo wakavipenda. Habari ya presha ilijitokeza baadaye. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, timu ya Fiona Bailey ilivijaribu kwa watu ambao pumzi hukatika usingizini, na presha zao zikaonekana kushuka. Mwaka 2021 timu ya Daniel Craighead na Douglas Seals wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, ikachapisha jaribio lililofanya watu wengi wageuke kusikiliza. Walichukua watu 36 wa miaka 50 hadi 79 ambao namba ya juu ya presha zao ilikuwa 120 au zaidi. Wote walipewa kifaa kinachofanana, wote walivuta pumzi 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita. Nusu walivuta kwa ugumu wa asilimia 75 ya uwezo wao wa juu kabisa. Nusu nyingine walitegewa asilimia 15 tu, na hawakujua.

Waliovuta kwa ugumu, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 9. Wale wa asilimia 15 hawakupata kitu cha kusema. Hesabu ya pumzi ilikuwa sawa na kifaa kilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa springi tu. Mimi nikisoma jaribio lile, hilo la springi ndilo lililonishika kuliko hata pointi 9. Dawa ukiinywa robo dozi huwezi kulalamika kwamba haifanyi kazi.

Kuna mengine mawili ya kujua. Mishipa ya damu ya waliovuta kwa ugumu ilikuwa inatanuka vizuri zaidi, kwa asilimia 45 hivi, kwa sababu kuta zake zilikuwa zinatengeneza zaidi naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa. Na wiki sita baada ya kuacha mazoezi, karibu robo tatu ya faida ilikuwa bado ipo. Kina mama waliokoma hedhi nao walifaidika, jambo zuri kwa sababu mishipa yao mara nyingi haiitikii sana mazoezi ya kutembea na kukimbia.

Watu 36 si wengi, na walikuwa na afya nzuri kwa ujumla. Kwa hiyo mimi nakichukulia kidude hiki kama nyongeza juu ya dawa, kupunguza chumvi na kutembea. Mtu anayekula ng'onda kila siku na kuruka vidonge asitegemee springi imwokoe.

Nani asikiguse, au aulize kwanza

Kuvuta kwa nguvu kunazalisha mvuto mkubwa ndani ya kifua, na mvuto huo unafika kwenye masikio, mapafu na moyo. Usianze kama umewahi kupasuka pafu hewa ikaingia kifuani, kama una ubavu uliovunjika karibuni, kama ngoma ya sikio imetoboka, au kama umefanyiwa upasuaji wa kifua, tumbo au jicho siku za karibuni. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, mwenye mshipa mkubwa wa damu uliovimba, mwenye presha ya mapafu, mwenye ngiri, na mwenye pumu inayombana mara kwa mara, hao waongee na daktari wao kabla hata ya kununua. Mjamzito mwenye presha ana kliniki yake na hatari zake. Hili si lake.

Presha yako ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, leo si siku ya mazoezi. Kaa utulie, pima tena baada ya dakika chache, na kama bado iko hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa imeambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kuona giza, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea, usisubiri hata kipimo cha pili.

Na vidonge havikatwi. Amlodipini, losartani, hidroklorothiazaidi, chochote ulichoandikiwa, unaendelea nacho kama kawaida. Anayepunguza dozi ni aliyekuandikia, akiwa na namba zako mezani.

Hatua ya kwanza: pata namba yako ya kweli

Kabla ya pumzi hata moja, pima presha siku saba nyumbani. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo maana baadaye hawajui kama wamefaidika.

Tumia mashine ya kidijitali ya mkono wa juu. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinayumba. Mkanda uukute mkono vizuri. Mtu mnene akitumia mkanda mdogo, mashine itamsomea presha ambayo hana. Nenda haja ndogo kwanza. Usiwe umekunywa kahawa, chai ya rangi wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Keti kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Kaa hivyo dakika tano. Kisha pima mara mbili, dakika moja katikati. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni.

Na unyamaze. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, kunyamaza kwake ni adhabu. Mashine ikianza kukaza mkono, yeye ndiyo anakumbuka kuuliza kama nimelipia maji. Kuongea wakati wa kupima kunaipandisha namba, kwa hiyo tulikubaliana: mkanda ukivimba, hata jirani akibisha hodi hajibiwi.

Andika kila kipimo kwenye daftari. Siku ya saba ikiisha, futa siku ya kwanza yote, kwa sababu mtu huwa na wasiwasi na mashine mpya, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Kumbuka kwamba kwa vipimo vya nyumbani presha huhesabiwa kuwa juu kuanzia 135 kwa 85, wakati hospitali mstari uko 140 kwa 90.

Hatua ya pili: chagua kidude kinachofaa

Kuna aina tatu utakazokutana nazo kwenye maduka ya vifaa tiba na mitandaoni, na mbili kati yake si zetu.

Ile ya mipira mitatu inayopanda ukivuta, ambayo watu hupewa wakitoka chumba cha upasuaji, kazi yake ni kukufanya uvute pumzi ndefu mapafu yafunguke. Haina ugumu wa maana. Nimeona inauzwa kwa jina la "mazoezi ya presha". Usinunue kwa kazi hiyo.

Ya pili ina matundu ya ukubwa tofauti unayoyazungusha. Tundu dogo, kazi ngumu. Tatizo lake ni kwamba ukivuta taratibu inakuwa rahisi, ukivuta haraka inakuwa ngumu, kwa hiyo huwezi kujua leo umefanya kazi kiasi gani.

Ya tatu ndiyo ya springi. Hata uvute taratibu au haraka, kilango kinadai nguvu ile ile ndipo kifunguke. Hii ndiyo unayoitaka. Kabla ya kulipa, angalia namba zake. Ugumu hupimwa kwa sentimita za maji, na maana yake ni nyepesi: kama mrija umesimama wima ndani ya ndoo, sentimita 60 ni nguvu ya kuyapandisha maji sentimita 60 juu. Kifaa cha springi kilichozoeleka hospitalini huanzia 9 na kuishia 41. Kwa mgonjwa dhaifu kinatosha. Kwa mtu wa kawaida anayetaka asilimia 75 mara nyingi hakifiki, na utajikuta uko chini ya ugumu unaotakiwa huku unadhani unafanya kazi. Vifaa vilivyotengenezwa kwa wanamichezo huvuka 150. Viko pia vya umeme vinavyokupima na kujitegea vyenyewe; ni vizuri sana na bei yake si ya mchezo.

Hakikisha kuna kibanio cha pua ndani ya boksi. Kikikosekana, vidole viwili vinatosha.

Hatua ya tatu: jua uwezo wako wa juu

Njia bora ni kupimwa na mtaalamu wa fiziotherapia au kwenye maabara ya mapafu. Utatoa pumzi yote mpaka mapafu yabaki matupu, kisha utavuta kwa nguvu zako zote kwenye mrija uliozibwa, kwa sekunde moja na ushee. Hurudiwa mara kadhaa na inachukuliwa namba kubwa. Mrija huo huachiwa kitundu kidogo sana kwa makusudi, ili usidanganye kwa mashavu; mashavu peke yake yana uwezo mkubwa wa kufyonza, muulize mtoto anayenyonya.

Wengi hukutwa kati ya sentimita 50 na 100, wanaume juu kuliko wanawake, na umri unaishusha.

Kama hapo ulipo hakuna wa kukupima, kidude chenyewe kitakukadiria. Tega ugumu wa chini. Toa pumzi yote, vuta kwa nguvu. Kikifunguka na kubaki wazi kwa sekunde nzima, pumzika dakika moja, ongeza kidogo, rudia. Endelea hivyo mpaka ufike mahali hakifunguki kabisa au kinafunguka na kujifunga papo hapo. Ugumu wa mwisho uliouweza ndio uwezo wako wa juu kwa makadirio. Fanya zoezi hili umekaa, mtu yuko karibu, na si baada ya kula ukashiba. Ukiona nyota, siku hiyo imeisha.

Uwezo wa mama ulikuwa 64.

Hatua ya nne: piga hesabu

Usirukie asilimia 75 siku ya kwanza. Misuli itauma na utakichukia kidude.

Wiki ya kwanza tega asilimia 55 ya uwezo wako. Wiki ya pili 65. Kuanzia ya tatu, 75 na hapo hapo. Kwa mama ilikuwa 64 mara 0.55, yaani 35, kisha 42, kisha 48. Ona kwamba kwenye wiki ya pili tu ameshakivuka kile kifaa cha mwisho 41. Na asilimia 15 yake ingekuwa 10 hivi, mahali ambapo kifaa hicho ndipo kinapoanzia.

Kila wiki, siku ile ile, pima tena uwezo wako wa juu na upige hesabu upya. Misuli hii inapata nguvu haraka. Mama akifika 70, asilimia 75 yake si 48 tena, ni 52 na nusu. Asipopandisha springi atakuwa anashuka dozi bila kujua, akijipongeza kwamba sasa zoezi limekuwa jepesi. Likiwa jepesi, kuna kitu hakiko sawa.

Hatua ya tano: pumzi yenyewe

Keti wima kwenye kiti kigumu, usiegemee, nyayo zimekaa chini. Bana pua. Funga midomo kuzunguka mdomo wa kifaa bila kuuma sana.

Toa pumzi taratibu mpaka uhisi mapafu yameisha. Sasa vuta, kwa haraka na kwa nguvu, mfano wa mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kilango kitaachia na utasikia hewa inakimbia. Usiishie hapo. Endelea kuvuta mpaka kifua kijae. Nusu pumzi ni nusu kazi. Halafu achia, acha hewa itoke yenyewe bila haraka, na usianze nyingine mpaka imeisha.

Tazama vitu viwili kwenye kioo. Mashavu yakibonyea ndani, unafyonza kwa mdomo. Legeza taya na uanzishe mvuto kutoka tumboni. Mabega yakipanda mpaka masikioni, shingo ndiyo inayofanya kazi ya kiwambo. Weka kiganja juu ya kitovu: ukivuta, kiganja kisukumwe mbele. Mama ilimchukua siku nne kuyashusha mabega. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemwekea mikono mabegani, kila yakipanda nayabonyeza, naye analalamika kwamba sasa mwanafunzi ndiye anamfundisha mwalimu.

Vuta sita, pumzika dakika moja, vuta sita nyingine, mpaka mafungu matano yatimie. Hiyo ni 30. Pumzi zenyewe zinakula dakika tano hivi, ukiweka na mapumziko ni dakika tisa. Usiyakate mapumziko: ukivuta mfululizo kwa pupa unatoa kaboni daioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafa ganzi. Ikitokea, toa kidude, pumua kawaida kwa pua, subiri.

Hatua ya sita: pa kuliweka kwenye siku yako

Siku sita, moja ya kupumzika. Saa yoyote inafaa, ila iwe ile ile, isije baada ya mlo mzito, na isiwe kitandani ukisinzia. Sisi tuliliweka asubuhi baada ya kupima presha, maji ya chai yakiwa jikoni. Mpangilio huo una maana: pima kwanza, vuta baadaye. Ukipima mara tu baada ya kuvuta utapata namba ya mtu aliyetoka kufanya kazi.

Mwezi wa Ramadhani lipeleke usiku, saa moja au mbili baada ya futari. Kuvuta kwa nguvu mwili ukiwa umekauka maji kunaita kizunguzungu, hasa kwa anayetumia dawa za kukojoza.

Ukiwa na mafua, sikio limeziba au kifua kina makohozi, simama mpaka upone. Ukikosa siku tatu, rudi pale ulipoishia. Ukikosa wiki mbili, shuka hatua moja kwenye asilimia.

Simama papo hapo na utafute msaada ukipata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuzimia. Sikio kuuma kama lililo ndani ya ndege, punguza ugumu. Likiendelea, acha na ukapimwe. Uchovu wa misuli ya mbavu siku za mwanzo ni kawaida, kama mapaja ya aliyepanda ngazi.

Hatua ya saba: soma matokeo bila kujidanganya

Usipime kila baada ya saa mbili ukitafuta muujiza. Presha hupanda na kushuka siku nzima hata kwa mtu mwenye afya nzuri. Subiri mwisho wa wiki ya sita, kisha rudia ule utaratibu wa siku saba, mashine ile ile, saa zile zile, na ulinganishe wastani kwa wastani.

Pointi 9 zilikuwa wastani wa kundi. Wewe unaweza kupata zaidi au pungufu. Ukiona hakuna kilichosogea, kabla hujakitupa kidude jiulize maswali haya kwa mpangilio huu. Je, springi ilikuwa kwenye asilimia 75 kweli, au ulibaki kwenye ugumu wa wiki ya kwanza? Je, ulikuwa unaupima uwezo wako upya? Je, ulivuta mpaka kifua kikajaa? Nimeyauliza kwa watu wachache waliokuja kulalamika, na mara nyingi hatufiki swali la pili.

Kama yote yalikuwa sawa na namba haijasogea, basi kwako haijasogea, na kliniki ndiyo yenye neno. Na kama imeshuka sana, ukawa unaona kizunguzungu ukisimama kutoka kitandani, peleka daftari kwa daktari. Huenda dozi ya vidonge imekuwa kubwa kwa mwili ulivyo sasa.

Baada ya wiki sita mama hakuacha. Alibaki na siku sita ndani ya wiki kwa sababu, alivyosema, akipunguza siku moja atapunguza zote.

Ukiwa huna kidude

Nimeulizwa kama mrija wa soda uliobanwa unaweza kufanya kazi hiyo. Utafanya kazi fulani, lakini hujui ni kazi kiasi gani, na mwongozo mzima umesimama juu ya kiasi. Badala ya kuhangaika na mirija, fanya kile kingine nilichokitaja mwanzo: kupumua polepole. Ni zoezi tofauti, linapita njia nyingine mwilini, lakini halihitaji hata senti. Kaa, ingiza hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita, bila kujibana. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika kumi hadi kumi na tano kila siku. Hapa nguvu haitakiwi kabisa. Ukijikuta unatweta umekwenda vibaya.

Kukitunza

Kidude ni cha mtu mmoja, kama mswaki. Nilivyofanya siku ile ya kwanza, kukivuta mimi kisha kumrudishia mama, lilikuwa kosa, na nilikuja kushtuka baadaye nilipokuwa nakiosha.

Kila baada ya zoezi kung'uta mate na suuza mdomo wa kifaa. Mara moja kwa wiki kifungue, kiloweke dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisuuze kwa maji safi. Usikichemshe kama maelezo yake hayajaruhusu. Plastiki ikipinda, kilango kinavuja, na kilango kinachovuja kinakupa ugumu wa uongo. Huku Pwani hewa ina unyevu, usikifungie kwenye boksi kikiwa kibichi maana kitaota ukungu. Cha mama hukaukia kwenye kichanja cha vyombo, kimesimama katikati ya vikombe, na kila mgeni lazima aulize ni filimbi ya nani.